Mwongozo kamili wa mabungo: kuutambua mbungo, kuchuma, kutengeneza juisi na kuotesha

Juisi ya bungo ikiwa chungu, usililaumu bungo wala usikimbilie sukari. Aliyeitengeneza amesaga mbegu. Kosa hilo nimelifanya mwenyewe, futari ya kwanza niliyoachiwa jiko: nilitia kila kitu kwenye blenda, nikaiacha ingurume mpaka ikalainika kabisa, nikajivunia rangi. Mzee mmoja alionja, akaweka gilasi chini taratibu, akaomba maji.

Tangu siku hiyo nimeelewa kwamba bungo lina kazi moja kubwa, nayo ni kuivua mbegu nyama yake bila kuiumiza mbegu yenyewe. Na mbegu hiyo hiyo uliyoikwepa kwenye blenda ndiyo utakayoiotesha mwishoni mwa mwongozo huu, basi usiimwage jaani.

Kuutambua mbungo

Wataalamu wa mimea wanauita *Saba comorensis*, na jina hilo la pili limetoka Komoro. Lakini si mmea wa Komoro peke yake. Uko Unguja na Pemba, uko Tanga na pwani yote ya kusini, uko Kwale na Kilifi, na unapatikana hata upande wa pili wa bara. Huko Senegal wana ndugu yake, *Saba senegalensis*, wanayemwita madd, na nyama yake wanaila kwa sukari, chumvi na pilipili. Mtu wa Pemba akiliona bakuli hilo hatauliza ni nini.

Mbungo ni mmea wa kuparamia. Ukipata mti, unaupanda hadi kileleni na kwenda kuchanua juani, kiasi kwamba unaweza kupita chini yake miaka mingi bila kujua una nini juu. Ukikosa mti, hujikunja na kujishikilia wenyewe mpaka ukawa kichaka kizito, na hivyo ndivyo utakavyoukuta kwenye mashamba ya zamani na kando ya njia.

Majani hukaa mawili mawili yakitazamana kwenye kijiti. Ni mapana, magumu kama ngozi, yanang'aa upande wa juu. Ua ni jeupe lenye koo la manjano, na harufu yake haiko mbali na asumini. Ukivunja kijiti hutoka utomvu mweupe kama tui. Tunda lina umbo la mviringo au la yai, kuanzia ukubwa wa limau hadi chungwa dogo. Likiwa bichi ni kijani, likiiva huwa manjano kuelekea rangi ya chungwa. Ganda ni nene. Ndani kuna mbegu nyingi, kila moja imevikwa nyama yake laini, na nyama hiyo imeing'ang'ania mbegu kwa ukaidi ambao utaujua jikoni.

Wengi huuchanganya mbungo na mtoria. Ni jamaa, lakini majani ya mtoria ni membamba na vitoria vyenyewe ni vidogo. Kuchanganya hivi viwili hakuna madhara, kwani vyote huliwa.

Penye madhara ni hapa: utomvu mweupe peke yake si kitambulisho. Ukoo wa mbungo una ndugu wabaya. Msunguti, ambao sumu ya mishale hupikwa kutokana nao, ni wa ukoo huo huo, una utomvu mweupe na matunda madogo yanayoiva kuwa ya zambarau iliyokolea hadi nyeusi. Mwingine ni mmea wa kuparamia uitwao kombe, *Strophanthus kombe*. Huu hauna bungo hata kidogo: huzaa maganda marefu, mawili mawili, yenye mbegu za manyoya. Daktari John Kirk, aliyekuwamo kwenye safari ya David Livingstone ya mto Zambezi iliyoanza mwaka 1858, aliijua nguvu ya kombe kwa bahati mbaya, pale sumu ya mishale ilipogusa mswaki wake na mapigo ya moyo wake yakabadilika. Dawa ya moyo ilikuja kutengenezwa kutokana na mmea huo. Wewe huna haja ya kugundua kitu. Usipoliona bungo lenyewe, la mviringo, la rangi ya chungwa, lenye mbegu zilizovikwa nyama, usionje.

Kuchuma na kununua

Bungo bora ni la kuokota. Likiiva sawasawa hudondoka lenyewe, na ganda nene hulikinga lisipasuke. Kwa hiyo nenda asubuhi, mapema kuliko kima na tumbili, kwa sababu wao pia wanajua. Yaliyobaki juu yaangue kwa upembo mrefu: shika kikonyo kwa kulabu, zungusha kidogo, vuta. Ukilazimika kulivuta kwa nguvu, basi hilo halijawa tayari, liache.

Usikate mbungo ili kushusha matunda. Nimeona watu wakifyeka mmea mnene kama mkono wa mtu mzima kwa ajili ya kikapu kimoja cha mabungo, nusu yake mabichi. Mmea wa unene huo umeanza kupanda kabla ya mkataji kuzaliwa.

Halafu kuna suala la mahali. Ngezi kule Pemba ni msitu wa hifadhi, Jozani ni hifadhi ya taifa, na misitu ya kaya za Wamijikenda ina wazee wake na miiko yake. Humo huingii na kikapu bila idhini. Shambani kwa mtu nako piga hodi, hata kama mbungo haukupandwa na mtu.

Kabla ya kuchuma paka mikono mafuta ya nazi. Bungo lililotoka mtini kabla ya wakati hutokwa na utomvu kwenye kikonyo, na utomvu huo ukishakauka mkononi sabuni peke yake haiutoi. Ukiingia kwenye nguo huacha doa la kahawia. Sugua mafuta kwanza, ndipo ufuatishe sabuni.

Sokoni mabungo huuzwa kwa mafungu. Usichague kwa ukubwa. Angalia rangi imeenea pande zote au upande mmoja tu, kisha libonyeze: ganda linatakiwa kukubali kidogo, bila kubonyea. Linuse karibu na kikonyo. Harufu ya utamu, sawa. Harufu ya tembo la mnazi lililolala, rudisha. Bungo zito kuliko umbo lake lina maji ndani, na jepesi limekauka.

Kuvundika

Mabungo yaliyoanza kugeuka manjano yanaweza kumalizia kuiva nyumbani. Yapange kwenye pakacha au gunia kavu, yafunike kwa majani makavu au magazeti, yaweke mahali pa joto pasipo na jua. Yakague kila siku, kwa sababu moja likioza huambukiza jirani zake. Kwa kawaida siku mbili hadi tano zinatosha. Mfuko wa plastiki uliofungwa haufai: hutoa jasho, na utapata ukungu kabla ya utamu.

Yaliyochumwa kijani kabisa hulainika, lakini utamu hayapati. Hayo yakate, uyale kwa chumvi na pilipili ya unga kama uko na ujasiri, na uchunge utomvu kwenye midomo.

Juisi

Kipimo changu ni mabungo 8 ya ukubwa wa kati, maji lita moja na nusu, kikombe kimoja cha sukari na chembe za chumvi. Maji yawe yaliyochemshwa yakapoa. Juisi haipikwi, kwa hiyo uchafu wowote ulioingia na maji utanywewa na familia nzima, na sote tunajua kipindupindu kikiingia mjini wauza juisi ndio wa kwanza kufungiwa.

1. Osha mabungo yakiwa mazima, uyafute.

2. Chora ganda kwa kisu kuzunguka kiunoni, bila kuzamisha kisu ndani. Shika pande mbili, zungusha kama unafungua kopo. Litaachana nusu kwa nusu bila mbegu kukatwa.

3. Chota mbegu na nyama yake kwa kijiko utie kwenye bakuli kubwa. Usikwangue weupe wa ganda, maana huko ndiko ukakasi na masalia ya utomvu yaliko.

4. Mimina nusu ya maji, yakiwa vuguvugu, na uache nusu saa. Hatua hii watu huiruka kwa haraka, halafu wanalipa kwa kusaga. Nyama ikishalowa hulegea na kuachia.

5. Vuruga. Mkono safi ndio chombo bora, kwa sababu unahisi mbegu ikivua nguo. Ukipenda, tumia pekecho au mwiko. Dakika kumi zinatosha.

6. Chuja kwenye chujio la matundu makubwa, ukikandamiza kwa mgongo wa upawa. Rudisha mbegu kwenye bakuli, tia maji yaliyobaki, vuruga tena, chuja tena. Maji haya ya pili yana bungo jingi kuliko unavyodhani.

7. Ukitaka juisi nyororo pitisha yote kwenye chujio laini. Mimi sipitishi, vinyuzi vya bungo ndivyo vinavyonijulisha kwamba sinywi rangi.

8. Tia sukari na chumvi, koroga, weka kwenye friji, halafu onja tena ikishapoa. Baridi hupunguza utamu ulimini, na juisi iliyokuwa sawa jikoni huenda ikataka kijiko kimoja zaidi mezani.

Sasa blenda. Sisemi usiitumie, kwa futari ya watu ishirini hakuna mkono utakaostahimili. Lakini itumie kwa kubonyeza na kuachia, sekunde moja moja, mara tatu au nne, tena baada ya kuloweka. Maji yawe mengi ili mbegu zielee mbali na visu. Ukishaona vipande vyeupe vya mbegu kwenye povu, simama hapo hapo na uchuje haraka.

Wengine hutia iliki, wengine huchanganya na pasheni au embe. Iliki naikubali ikiwa kidogo. Pasheni ni kali kama bungo, kwa hiyo unabaki na ukali juu ya ukali. Embe lililoiva sana linafaa, hasa kama mabungo ni machache na wageni ni wengi. Maziwa usitie kabisa, kwa sababu ukali wa bungo utayakatisha.

Juisi hii hujitenga ikikaa, uzito chini na maji juu. Haijaharibika, itikise tu. Friji huitunza siku mbili, na baada ya hapo huanza kuchacha, hasa ikiwa mbegu au vipande vya ganda vimebaki ndani.

Kuihifadhi kwa siku za uhaba

Msimu ukifika mabungo huja yote kwa mkupuo, kisha hakuna. Njia rahisi ni friza: toa nyama na mbegu zake kama zilivyo, pima za jagi moja, zigandishe kwenye chombo chenye mfuniko. Siku ya kutumia mimina maji vuguvugu juu yake na uendelee na hatua ya tano. Zikishaganda hazitaota tena, basi za kupanda zitoe kabla.

Barafu za bungo kwa watoto hutaka juisi nzito, yaani punguza maji kwa theluthi moja na ongeza sukari kidogo, kwa kuwa kitu kilichoganda huonekana kikali zaidi. Gandisha kwenye vikombe vidogo na kijiti katikati.

Kwa sharubati ya kukaa, chukua lita moja ya juisi nzito isiyo na maji ya pili, pamoja na kilo moja ya sukari. Pasha taratibu mpaka sukari iyeyuke yote, iache itokote dakika tano, ondoa povu, imimine ikiwa moto kwenye chupa za kioo ulizozichemsha, ufunge. Weka kwenye friji. Mezani unachanganya sehemu moja ya sharubati kwa tatu au nne za maji baridi.

Angalia sufuria unayotumia. Sufuria zetu nyingi ni za alumini, na tunda kali likipikwa humo huondoka na ladha ya bati. Tafuta ya chuma kisichoshika kutu, au ya enameli ambayo haijabanduka. Hili lina uzito zaidi kwenye jamu, inayokaa motoni muda mrefu.

Jamu yenyewe: vua nyama kama ya juisi lakini kwa maji kidogo sana, kikombe kimoja kwa mabungo 12. Pima uji utakaoupata, kwa kila kilo tia gramu 800 za sukari, pika kwa moto wa wastani ukikoroga bila kuondoka. Inarukaruka na inaunguza, basi vaa mikono mirefu. Kujua imeiva, weka kisahani kwenye friza mapema, dondosha tone la jamu, lisukume kwa kidole baada ya dakika moja. Likijikunja ngozi juu, epua. Likitiririka, endelea. Itie kwenye mitungi ya kioo iliyochemshwa ikiwa bado moto.

Utomvu na mambo ya kale

Watoto wa pwani waliokua kabla ya simu wanaujua utomvu wa mbungo kwa jina la ulimbo: unaukusanya, unaupaka kijitini, unategea ndege. Ni mpira hafifu. Mpira wenyewe uliotafutwa na wafanyabiashara wa Unguja katika karne ya 19 ulitoka kwa yule ndugu mwenye vitoria, *Landolphia kirkii*. Kirk wa jina hilo ni yule yule wa mswaki, ambaye baadaye alikuwa konseli wa Uingereza Zanzibar na kupeleka mimea ya pwani hii kwenye bustani ya mimea ya Kew, London. Neno mpira lilikuwa jina la mmea unaotoa utomvu huo kabla halijawa jina la kitu cha kupiga teke.

Mizizi ya mbungo huingia pia katika dawa za kienyeji. Sitatoa kipimo hapa. Mmea wenye ndugu kama kombe na msunguti si wa kuchemshwa kwa kusoma maandishi ya mtu usiyemjua.

Kuotesha

Mbegu ya bungo haipendi kukauka. Ukiianika juani na kuiweka kwenye bahasha kama mbegu ya mchicha, umeiua. Panda siku ile ile uliyochuja juisi, au ndani ya siku chache huku ukizitunza kwenye kitambaa chenye unyevu. Zile zilizopita kwenye maji vuguvugu hazina neno. Zilizopigwa na kisu cha blenda achana nazo.

Zisugue kwa mchanga na maji mpaka nyama iliyobaki itoke, maana nyama huleta sisimizi na ukungu. Jaza viriba kwa udongo wa juu wa shambani sehemu mbili, samadi iliyooza sehemu moja na mchanga sehemu moja. Fukia mbegu mbili kila kiriba, kina cha sentimita mbili, mwagilia, weka chini ya kivuli chepesi. Zikiota zote, acha iliyo na nguvu. Udongo uwe na unyevu bila kutuama maji.

Miche ikifika urefu wa goti, ingoje masika. Chimba shimo la nusu mita kila upande, rudisha udongo uliochanganywa na samadi, panda, funika chini kwa majani makavu.

Mti wa kuuegemeza ndio uamuzi mkubwa. Mbungo ni mgeni anayehamia na jamaa zake wote: hufunika kilele na kumnyima mwenyeji jua. Usiupeleke kwenye mkarafuu wala kwenye mwembe unaokulisha. Uupe mwembe mzee uliokwisha kazi, au mti wa mwitu mkubwa mpakani mwa shamba, upande mche mita moja kutoka shinani na uuongoze kwa kijiti mpaka ushike.

Mimi napendelea chanja, kama ile ya mipasheni lakini nene zaidi. Nguzo ziwe za mti usioliwa na mchwa, urefu mita mbili juu ya ardhi, na waya mnene juu yake. Acha mashina mawili au matatu yapande, kata yanayochipuka chini, na kila mwaka baada ya matunda kuisha punguza matawi yaliyojazana katikati. Faida ya chanja utaiona siku ya kuchuma, kwa sababu mabungo yananing'inia usawa wa kichwa na upembo unabaki nyumbani. Kukatia kunataka shati kuukuu, maana kila jeraha la panga linatiririsha utomvu.

Kuzaa kwake ni kwa miaka, si miezi, na katika miaka hiyo uzito wote huenda kwenye mashina. Nguzo zilizotosha wakati wa kupanda hazitatosha. Zikague kila mwaka, na iliyooza ibadilishe kabla mbungo haujachanua. Ukingoja mpaka kuna mabungo juu, ukiitikisa tu utaangusha maua na matunda machanga ya upande mzima.